Muulize Fundi: Mguu wa mtoto ndio uwe mota

Mwezi uliopita niligusia hapa, tena kwa mstari mmoja tu, kwamba mwanangu wa miaka 8 amejikerezea pia ya mbao, ile ya kuchezea inayozunguka kwa ncha, kwa mkono wake (kukereza ni kuchonga mti huku mashine inauzungusha). Basi tangu siku hiyo simu haijatulia. Kuna walionipongeza, kuna walioniita baba katili, afu kuna waliouliza maswali ya maana na hao ndo nawajibu leo. Likizo ndo hiyo imeanza, watoto wapo nyumbani, na Mwanza hii kila mtaa una fundi mwenye mashine inanguruma nyuma ya nyumba, kwa hiyo hata wewe usiye fundi soma tu, mwanao anapita pale akitumwa dukani.

Fundi habari za kazi. Nina mapacha wa kiume wana miaka 7. Nimenunua mashine ya kukereza, used, kwa jamaa aliyefunga karakana yake, ina mota na puli, nimeifunga kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Watoto hawabanduki pale. Naogopa, lakini naona nikiwafukuza wataichezea mi nikiwa kazini. Nianze nao vipi? (Baba Mapacha, Igoma)

Salama Baba Mapacha. Kabla ya yote, leo hii ukifika nyumbani vua ule mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kwenye mashine, utie kwenye begi lako, uwe unaenda nao kazini. Kufuli peke yake haitoshi, watoto wa miaka 7 wanajua funguo inakaa wapi, wanajua kabisa, ila bila mkanda hiyo mashine ni chuma tu. Hiyo ni ya leo, tuendelee.

Umeuliza uanze vipi na hiyo mashine, na mi nakwambia usianze na hiyo mashine. Mota nyingi za huku kwetu zinazunguka kama mara 1,450 kwa dakika na zipo za 2,800, angalia kile kibati ubavuni mwa mota kimeandikwa. Sasa chukua bakuli la upana wa sentimita 20 ulifunge kwenye mwendo wa 2,800, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa, yaani lingekuwa basi trafiki wangelisimamisha pale Usagara. Kipande kikichomoka hapo hakichagui mkubwa wala mdogo.

Watoto mi nawaanzisha na mashine ya mguu. Unasimamisha mbao mbili nene, kila moja unaipiga bolti iliyochongwa ncha, zile ncha zinatazamana, katikati yake ndo unabana kipande cha mti. Ncha unazipaka mafuta ya kupikia zisilie wala kuungua. Afu unachukua kamba ya nailoni, zimejaa pale Kirumba Mwaloni kwa watu wa nyavu, chukua yenye unene kama wa kidole chake kidogo maana nyembamba inakula mti, unaizungusha mara mbili kwenye kile kipande chenyewe, chini unaifunga kwenye ubao wa kukanyagia na juu unaifunga kwenye mpira wa tyubu, ule ule wa manati, umeuning'iniza kwenye boriti. Mtoto akikanyaga mti unazunguka kuja kwake, anakata. Akiachia, mpira unavuta, mti unarudi kinyume, anasogeza patasi nyuma kidogo. Akanyage tena. Kamba ikishuka sentimita 40 na mti una unene wa sentimita 4 anapata mizunguko kama 3 tu kwa kanyago moja.

Wengine watacheka waseme hiyo ni mashine ya maskini. Uingereza huko kwenye misitu ya karibu na mji wa High Wycombe mafundi walikereza miguu ya viti kwa mashine ya namna hiyo hiyo mpaka karne ya 20, wakiuza kwa viwanda vya viti, kwa hiyo kazi inatoka. Ila mi siipendi kwa sababu ya historia, naipenda kwa sababu mota ni mguu wake mwenyewe. Akishtuka, akigeuka kumtazama pacha mwenzie, akichoka, mguu unasimama na kila kitu kinasimama. Mota ya umeme haijui kama mtoto kashtuka.

Na kabla hata ya kukanyaga wape msasa. Siku tatu nne za mwanzo wapige msasa, wachague mti, wapake nta, wajifunze patasi ni ipi na inashikwaje. Utamwona mapema nani ana subira, na kwa mapacha nakuambia hawatalingana, usiwalinganishe.

Wakianza kukata ni mmoja mmoja. Mwingine asimame pembeni, chora mstari kwa chaki hatua mbili tatu nyuma, asiwe amesimama usawa wa pale mti unapozungukia. Wewe mikono yako iwe juu ya mikono ya anayekata. Patasi ilale kwanza kwenye kile chuma cha kuegemezea kilicho mbele ya mti, ndo isogee iguse mti, haianzi mti hata siku moja, maana ikigusa mti bila kuegemea inapigwa chini na vidole vinafuata. Nafasi kati ya kiegemeo na mti isizidi unene wa penseli. Na patasi iwe kali! Wazazi wengi wanampa mtoto patasi butu wakidhani wanamlinda, kumbe butu inamlazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu ikiteleza ndo balaa. Tena uliza imetengenezwa na nini, hizi za kuchongwa kwa tupa chakavu achana nazo, chuma cha tupa ni kigumu lakini kinakatika kama kioo, ile ya springi ya gari ni bora zaidi.

Dakika 20 zinatosha. Akianza kupiga stori, basi, imeisha kwa leo.

Kwenye mota watafika lini? Mi siangalii keki ya bethdei. Wangu wa kwanza nilimruhusu akiwa na 11, wa pili naona atafika 13 na bado. Kipimo changu ni siku mtoto atakaposema mwenyewe "baba ngoja, patasi imekuwa butu" bila kuulizwa. Siku hiyo ndo unarudisha mkanda, na hata hapo weka puli (lile gurudumu la kupitisha mkanda) ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 15 kwenye mashine, mwendo wa 1,450 unashuka mpaka kama 480, unatosha kabisa kwa vitu vidogo. Mkanda na puli vifunikwe kwa bati, hizi mashine za kuchomelewa mtaani nyingi ziko uchi na vidole vya mtoto vinapenda kitu kinachozunguka. Zungusha mti kwa mkono uone haugusi popote, ndo uwashe, na mkiwasha wote mmesimama pembeni. Hakuna glavu, hakuna shati la mikono mirefu, kamba za jaketi, cheni wala earphone, na nywele ndefu zifungwe. Miwani ya jua sio kinga, tafuta kinga ya uso mzima, na umvalishe uangalie pembeni kwenye paji na mashavu maana nyingi zimetengenezwa kwa vichwa vya watu wazima, mtoto anabaki na uwazi mkubwa na chembe zinapitia hapo hapo.

Urefu nao. Ncha za mashine ziwe usawa wa kiwiko chake. Usimpandishe juu ya kreti la soda, linateleza na linapinduka, mtengenezee jukwaa la mbao pana ambalo hata akirudi nyuma hatua moja bado yupo juu yake.

Na hili la umeme naomba uliskie vizuri. Mwaka fulani nilikuwa nakereza mguu wa kitanda, umeme ukakatika. Nikaacha patasi juu ya kiegemeo nikaenda zangu kunywa chai kwa jirani. Swichi sikuizima, nani anakumbuka kuzima kitu kilichozimika? Umeme ukarudi, mashine ikaanza yenyewe, patasi ikarushwa ikatoboa bati la kibanda. Tundu lipo mpaka leo na mvua ikinyesha linanikumbusha kichwani. Kibanda kilikuwa kitupu siku ile, ni bahati tu. Kwa hiyo umeme ukikatika zima swichi, chomoa plagi, na mtoto awe ndo wa kukukumbusha, wanapenda sana kukumbusha watu wazima. Kuna swichi ambazo umeme ukirudi haziwaki mpaka ubonyeze tena, muulize fundi umeme akuwekee.

Dada yangu alisoma ulichoandika akanitumia. Mume wangu anakereza na binti yetu wa miaka 9 anataka kujifunza. Tatizo ana pumu. Na mbao zipi ni salama? Naona mume wangu anatumia chochote. (Mama wa Buzuruga)

Dada, hapa sitakupaka mafuta. Mtoto wa pumu na vumbi la mbao ni maadui, uanzie kwa daktari anayemjua ndo uje kwangu. Na sio wa pumu tu, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani, hasa ya ndani ya pua, kwa wanaolivuta miaka na miaka. Sisi mafundi tunapiga chafya tunacheka, ila sio cha kucheka.

Daktari akiruhusu, basi kukata ni tofauti na kupiga msasa. Mti mbichi ukikatwa na patasi kali kwenye mashine ya mguu unatoa maranda marefu yenye unyevu yanaanguka chini, vumbi karibu hamna. Vumbi linatoka kwenye msasa na kwenye mti mkavu. Kwa hiyo yeye akate mbichi, msasa apige baba, nje, mtoto akiwa upande upepo unakotoka. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, kwa hiyo mchana mtoto akae upande wa ziwa. Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu inaachia pembeni, isikupe moyo sana. Na maranda usifagie makavu, nyunyizia maji kwanza.

Kuhusu mbao, mpera ndo kipenzi changu kwa watoto, mti mgumu kiasi, laini kwa patasi, na tawi la mpera halikosekani mtaani. Mchungwa na mlimao pia. Mpaini sawa ila unachanika. Mvule hapana kwa mtoto, vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, waulize wajenzi wa mitumbwi. Mninga nao wengine unawasumbua. Mwembe ukiwa mbichi utomvu wake unababua baadhi ya watu. Na minyaa jamani, ule wa uzio uliojaa Usukumani kote, hata kwa mzaha msiukate, maziwa yake yakiingia jichoni mtoto anaweza kupoteza uoni.

Halafu kuna mbao za kijani zilizotiwa dawa, zile za paa. Dawa inayozifanya kijani mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Vipande vyake visikerezwe na visiwe kuni jikoni. Mwambie shemeji hilo taratibu, akibisha mwambie nimesema mimi. Na tawi lenye ufa, fundo kubwa au msumari halipandi kwenye mashine.

Jicho likiingia chembe asilifikiche, lioshe kwa maji safi mengi. Ikiwa kitu kimechoma na kung'ang'ania usikivute, funika jicho bila kulikandamiza, mkimbize hospitali.

Mjukuu wangu fundi, mimi ni bibi nipo Ukerewe. Kijukuu changu kinashika kila kitu kwa mkono wa kushoto, babu yake anakigombeza kwamba hata patasi atashika vibaya. Ni kweli?

Shikamoo bibi, wabeja kwa kuniandikia. Sio kweli hata kidogo. Mkerezaji anabadilisha mikono kutwa, upande huu mkono wa kulia uko mbele, ukifika mwisho wa mti unageuza wa kushoto unakuwa mbele, mi mwenyewe ilinichukua miaka kuuzoesha wa kushoto na kijukuu chako anao tayari. Mwache, na ubao wa kukanyagia akanyage kwa mguu anaoutaka. Babu msalimie, mwambie aje nimnolee patasi zake, hasira zitapoa.

Fundi, nina mpwa ana miaka 11, amefunga shule. Kuna karakana hapa Kisesa bosi amesema nimpeleke akae likizo nzima, atamlipa kwa kila mguu wa kitanda atakaokereza. Naona atapata ujuzi na hela ya madaftari. Unashauri nini? (Mjomba)

Usimpeleke.

Najua unamtakia mema, ila Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema umri wa chini wa ajira ni miaka 14 na hapo ni kazi nyepesi tu, kazi za hatari haziruhusiwi mpaka 18, na kwenye orodha ya hatari imetaja wazi sehemu zinazotumia mashine. Sasa mtu akikuuliza mbona fundi anawafundisha watoto wake nyumbani, mwambie tofauti ni hiyo ya kulipwa kwa kila mguu. Mwanangu akichoka anaacha, anaenda kucheza mpira, kipande kinabaki nusu hata mwezi. Mpwa wako akiwa na oda ya miguu 40 na bosi anasubiri gari la mzigo, akichoka haachi, na mtu aliyechoka mbele ya mota ndo huyo anayekatika kidole. Hao mabosi nawajua, nilipitia huko nikiwa mdogo, na mpaka leo kidole changu cha shahada hakikunji vizuri, sitasema ilikuwa karakana gani.

Kama anapenda kweli mti, mpeleke siku moja Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, si mpo hapo hapo Kisesa, akaone ngoma na viti vya watemi vilivyochongwa, arudi nyumbani na kipande cha mpera ajaribu. Ubao wa isolo, ule mchezo wa bao wa Wasukuma, unachongwa kwa patasi na nyundo bila mashine yoyote, likizo nzima inaisha hapo. Akifika umri, vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha useremala, atakuta yupo mbele ya wenzie.

Shikamoo fundi. Nina miaka 10 nipo Sengerema, baba ndo ananiandikia. Tulikereza pia ya mbao kwa mashine ya mguu ila ikizunguka inayumba inaanguka haraka. Tulikosea wapi? Afu mdogo wangu wa mwaka mmoja anaitaka, nimpe?

Marahaba mwanangu, na baba naye nimemsalimu. Hilo ndo swali zuri kuliko yote ya mwezi huu na nimeliacha la mwisho kwa makusudi.

Bila kuiona nadhani pia yako ni ndefu kama yai. Wengi wanaanza hivyo. Uzito wake uko juu, ikitetereka kidogo inakwenda. Jaribu nyingine iwe fupi na pana, tumbo lake lishuke chini karibu na ncha, upana uuzidi urefu, shina la kushikia liwe jembamba kama penseli. Uzito ukikaa pembeni na chini inazunguka muda mrefu. Kama shepu ni nzuri na bado inayumba basi ncha haipo katikati. Iwe ile ile sehemu ambapo bolti ilibana, usichonge ncha pengine baada ya kuitoa kwenye mashine. Ukipiga msasa toeni kwanza kile chuma cha kuegemezea patasi, na msasa usiuzungushie kidoleni, ushike kwa ncha za vidole ili ukivutwa uende peke yake. Kupaka nta ya nyuki hivyo hivyo, tumia kipande cha karatasi laini, sio kitambaa, karatasi ikinaswa inachanika na kitambaa kinavuta mkono.

Mti wenu ulikuwa mbichi? Ukikauka haraka unapata ufa na pia yenyewe inapinda, hiyo nayo inaleta kuyumba. Kata vipande mapema, paka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, viweke kivulini wiki kadhaa. Kereza umbo nene kwanza, acha likauke, umalizie baadae.

Mdogo wako usimpe hiyo. Chukua lile bomba la katikati la tishu za chooni, kitu chochote kinachopita humo sio cha mtoto wa chini ya miaka 3, anaweza kukimeza kikamkaba. Mkerezee gololi kubwa ya mbao inayokaa kwenye kiganja chote cha baba, isiyo na shina wala ncha, usiipake vanishi, itaingia mdomoni tu hata ufanyeje. Mafuta ya nazi kidogo au nta inatosha.

Afu pia yako mpya ijaribu juu ya kitako cha sahani iliyogeuzwa, sio kwenye sakafu ya saruji, saruji inakula ncha. Shina usilipake nta, vidole vitateleza.